Karantini ya Meli

Mpaka leo wapo watu Masieda wanaoamini nilisomea mifugo. Siwalaumu. Siku nilipopelekwa huko ukweni mara ya kwanza, mzee mmoja wa ukoo aliniuliza nasoma nini huko chuoni, nami kwa uchovu wa safari nikajibu neno moja tu: karantini. Kwetu neno hilo halina maana mbili. Mnada umefungwa, ng'ombe hawatoki wala hawaingii, kuna ugonjwa wa miguu na midomo. Mzee akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasema safari hii ukoo umepata mtu wa maana. Tangu hapo kila ng'ombe aliyetokwa na mate mengi nililetewa habari zake, na nikisema sijui dawa, watu wanaona nina maringo.

Nilichokuwa nasoma ni meli. Ilikuwa shahada ya uzamili katika historia, na ndani ya historia nilichagua kona ambayo hata wenzangu darasani waliona nimejitakia: mambo ya vita vya majini, manowari na meli za kubeba askari zilizopita pwani yetu wakati wa vita vya Mjerumani na miaka iliyofuata. Ugonjwa ukiingia melini, meli haikuruhusiwa kuingia bandarini. Ilisimamishwa nje kwenye maji, ikapandisha bendera ya njano, na hakuna aliyeshuka wala aliyepanda mpaka daktari wa bandari aseme. Mle ndani, chini kabisa, walikuwemo watu wa kutupa makaa ya mawe kwenye tanuri. Wengi wao walikuwa watu weusi kama mimi, na wengine walitoka bara kabisa. Hao ndio niliowafuata.

Nilipomfafanulia mama mkwe, aliniuliza meli inaugua nini. Nikasema haiugui meli, wanaugua watu walio ndani. Akafikiri kidogo huku anapepeta maharage.

“Basi ni karantini ya watu,” akasema. “Mbona mnasingizia meli?”

Nilizaliwa Endasak, chini ya mlima Hanang, mahali ambapo maji mengi kuliko yote ni ya korongo siku ya mvua. Sijui kuogelea. Siku ya kwanza kupanda pantoni nilitapika kabla haijaondoka. Wenzangu wa pwani wakacheka, wakasema Mmbulu na bahari wapi na wapi, na mimi, ambaye hasira zangu huwa ziko karibu, nikawajibu kwamba hata waliofia kwenye yale makaa hakuna aliyewauliza kama wanajua kuogelea. Hawakunitania tena. Nilipoteza pia marafiki wawili watatu, lakini kazi ilisonga.

Kilichonishika ni chumvi. Katika makaratasi ya zamani niliyokuwa nasoma, meli zilizozuiliwa zilikuwa zinaomba vitu vidogo vidogo kutoka nchi kavu. Leo sindano, kesho sabuni, kesho kutwa chumvi, halafu chumvi tena. Na ukiangalia hesabu za stoo ya meli hiyo hiyo, chumvi ilikuwepo. Nilikaa na jambo hilo muda mrefu, mwishoni nikaliandikia sura nzima. Nilidai kwamba wale watu hawakuwa wanataka chumvi, walikuwa wanataka boti ije.

Mimba ilinikuta nikimalizia sura ya mwisho. Mume wangu ni dereva wa lori, yuko barabarani kuliko anavyokuwa nyumbani, na chumba nilichopanga pwani hakikuwa cha kulelea mtoto. Nikarudi Masieda kwa mama mkwe. Tasnifu yenyewe niliandika kwa Kiingereza kama chuo kinavyotaka. Ukurasa mmoja tu ulikuwa wa Kiswahili, ule wa kutabaruku, na hapo niliweka mstari mmoja: Kwa mtoto wangu atakayezaliwa. Watahini walitumiwa kazi yote na mstari huo ndani yake, wakati ule tumbo langu likiwa linagonga meza.

Siku ya kuitetea ilikuwa imeshaahirishwa mara mbili. Mara ya kwanza mtahini wa nje alisafiri, mara ya pili nililazwa kwa kutapika. Ilipopangwa tarehe ya tatu, msimamizi wangu alinipigia simu, nami siku hiyo nilikuwa nimevuka mto kwenda penye mtandao. Ni mtu mzuri, lakini maneno yake huwa hayana mto wa kulalia.

“Utafanya kwa simu huko huko uliko, popote penye mtandao,” akasema. “Ila ukikosa hii, usajili wako unakufa. Utaanza upya kama mtu asiyejulikana.”

Nikamwambia hadi siku hiyo nitakuwa nimeshajifungua, hakuna shida.

Mtoto alikuja kabla ya siku zake. Ilikuwa mchana, mvua imenyesha tangu alfajiri, na mto ulio chini ya nyumba yetu ulikuwa umejaa kiasi kwamba hakuna pikipiki ambayo ingeweza kuvuka kunifuata. Mama mkwe alinipokelea mtoto mwenyewe, kwenye mkeka, kwa mikono yake. Alikuwa wa kiume. Nilisubiri alie. Nilisubiri nikisikia mvua kwenye bati, nikajiambia ni bati ndilo linanizuia kusikia.

Kesho yake maji yalipopungua, muuguzi wa zahanati alivuka kwa miguu, viatu mkononi. Ni binti mpole kutoka mikoa ya kusini, amepangiwa kazi huku kwetu kwenye baridi. Alinipima, akanipa vidonge, akaahidi kumpigia mume wangu simu, maana nyumbani kwetu mtandao haufiki. Halafu akataka kunifariji.

“Huyu usimhesabu, mama,” akasema. “Huyu hakuzaliwa. Utazaa mwingine.”

Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni.

“Alizaliwa,” akasema. “Nilimpokea mimi. Alikuwa na kucha.”

Muuguzi akasema samahani, mama. Mimi niliwachukia wote wawili kwa saa ile, mmoja kwa kunifariji na mwingine kwa kutaja kucha. Mtoto alikuwa ameshazikwa nyuma ya zizi, bila sala na bila watu. Sikuonyeshwa mahali penyewe mpaka baadaye.

Muuguzi alipoondoka, mama mkwe alikata tawi la miiba akalilaza kwenye njia ya kuingilia nyumbani. Kwetu Wairaqw, hao hao Wambulu, nyumba iliyofiwa na mtoto namna ile inaingia kwenye metimani. Ni kutengwa, lakini si kwa ubaya. Hamwingii kwa mtu na mtu haingii kwenu. Hamwendi mnadani, hamshiki mikono ya watu, hamchoti maji pamoja na wengine, na mto hamvuki, kwa sababu majini kuna wenyewe, pepo wa maji, na hawapendi kufikiwa na uchafu wa kifo. Mnakaa hivyo mpaka wazee waseme imefunguliwa. Nyumba nyingi siku hizi zimeacha. Wachungaji wanahubiri dhidi yake, na vijana waliosoma wanaiita mambo ya kale. Mimi nilikuwa mmoja wa hao vijana waliosoma.

Mwanamke akijifungua huku kwetu watu wanajaa nyumbani, wanaleta maziwa na uji, na kila anayeingia anasema hongera. Mimi nilipewa pole, na pole yenyewe ilipigiwa kelele kutoka ng'ambo ya mto. Jirani walituwekea dumu la maji na kibuyu cha maziwa kwenye jiwe, wakaondoka, ndipo mama mkwe anakwenda kuchukua. Walituwekea kwa moyo, sisemi hawakuwa na moyo. Lakini maziwa yangu nayo yalikuwa yameanza kushuka, hayana pa kwenda, na kila nikiona kibuyu kile juu ya jiwe nilitaka kukipiga teke.

Siku moja nilimsikia mama mkwe amesimama kwenye tawi la miiba, anamwita jirani wa ng'ambo kwa sauti kubwa, anaomba chumvi. Nikainua kifuniko cha kopo. Lilikuwa limejaa.

“Mama, si chumvi ipo?” nikamuuliza aliporudi.

“Ipo.”

“Sasa?”

“Nimesema tu chumvi,” akajibu, akaenda kuangalia moto.

Nilikaa chini. Miaka yangu yote ya maktaba, na sura nzima ya tasnifu, ilikuwa imesimama kwenye miiba imejifunga kitenge. Sikufurahi hata kidogo. Niliona uchungu tu, na nikamwonea huruma yule mama ambaye alikuwa amefungwa kwa ajili yangu, kwa kifo kilichotoka tumboni mwangu.

Tarehe ya kutetea ikakaribia. Mtandao ulikuwa ng'ambo, juu kwenye kilima, palipo na mnara wa simu, njia ya kwenda Maretadu. Kutoka mlangoni kwetu unakiona kilima kabisa, ila mnara uko nyuma ya mgongo wake, ndiyo maana mtandao haufiki kwetu. Unashuka, unavuka mto, unapanda, umefika. Nikamwambia mama mkwe kwamba kesho kutwa lazima nivuke.

“Maji huvuki,” akasema.

“Mama, wewe ni Mkristo. Mimi ni Mkristo. Kanisani tunakaa benchi moja.”

“Kanisani hakuna mto.”

Nilipandisha sauti, jambo ambalo mkwe hafanyi mbele ya mama mkwe, na ninalisema hapa kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nikamwambia nimesoma kwa jasho, usajili wangu utakufa, mtoto ameshakufa, anataka nife na nini tena? Nikamwambia nitavuka akiwa amelala, akiwa ameamka, ni mamoja. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi. Hakukasirika, na hilo liliniudhi zaidi.

“Wewe utarudi pwani na karatasi yako,” akasema. “Mimi nitabaki na maji haya. Mto huu nachota na wanawake wa hapa tangu nilipoolewa. Ukivuka, nani atachota na mimi?”

Nilijua anasema kweli. Wangeendelea kumsalimia, shikamoo ingekuwepo, lakini akishuka mtoni na ndoo wenzake wangekumbuka wana kazi nyumbani. Mtoto wa jirani akiugua, wangekumbuka pia ni nani aliyevuka. Nikalala nimegeukia ukutani, nikiwa nimekata shauri kwamba shahada imekwenda, na nikiwa nimemchukia kwa kuwa na haki.

Asubuhi alinikuta bado nimegeukia ukutani. Alikuwa ametoka nje, amerudi na umande miguuni.

“Mto una kichwa,” akasema.

“Nini?”

“Mto una kichwa. Unaanzia kule juu, chini ya msitu, kwenye chemchemi. Juu ya chemchemi hakuna maji. Tukizungukia juu yake, tutakuwa hatujavuka kitu.”

Nilimwangalia nikidhani ananitania. Chemchemi ile iko mbali, ni kupanda mlima hadi kwenye baridi ya msitu, halafu kushuka upande wa pili mpaka kwenye mnara ambao kwa njia ya kawaida unaufikia kabla chai haijapoa. Na mimi nilikuwa bado natoka damu. Lakini yeye alikuwa ameshaanza kuchekecha unga wa uji wa kubeba, na alikuwa ameshapata mwavuli kutoka uvunguni.

Tuliondoka siku ya kutetea kabla jua halijatoka. Yeye alitangulia na fimbo, mimi nyuma, nimejifunga khanga kifuani kwa nguvu kuzuia maziwa, na vitambaa vya kutosha huku chini, na simu na pawabenki nimezifunga kwenye nailoni. Tulipita njia za ng'ombe. Kila tulipokaribia watu, mama mkwe alipaza sauti kwa Kiiraqw kwamba tunapita, tuna metimani, watupishe. Na watu walitupisha. Mwendesha pikipiki mmoja aliyebeba gunia la maharage alizima injini, akaisukuma pikipiki yake ndani ya mahindi, akasimama ametupa kisogo mpaka tukapita. Hakuwa na dharau, alisimama kama mtu anayepisha jeneza. Mwanamke mmoja alitoka mbio nyumbani kwake, akaweka viazi vya kuchemsha kwenye kisiki, akarudi mbio. Tulivila tukitembea.

Nilikuwa nimeandika kurasa nyingi juu ya bendera ya njano. Niliandika kwamba ilikuwa alama ya aibu. Asubuhi ile, nyuma ya mwanamke mzee anayepiga kelele ili watu wasinifikie, niligundua kwamba sikuwa na aibu. Nilikuwa na hasira tu, na uchovu, na hamu ya mtu yeyote, awe mlevi au mwendawazimu, asimame katikati ya njia anishike mkono.

Kwenye chemchemi kulikuwa na ukungu. Maji yanatoka chini ya mizizi, kidogo kabisa, ungeweza kuyaziba kwa kiganja. Mama mkwe alipanda juu zaidi, kwenye mawe makavu, akanyoosha fimbo kunionyesha pa kukanyaga. Nilikanyaga pale pale aliponionyesha. Sikuamini hata kimoja katika mambo yale, na bado nilinyanyua mguu kwa uangalifu kuliko ninavyofanya kanisani.

Tulifika kwenye mnara na muda bado upo. Kulikuwa na duka lenye umeme na kibaraza kizuri, lakini kwa mtu hatuingii. Nilikaa juu ya jiwe upande wa nyuma, nikaegemeza simu kwenye jiwe jingine, na mama mkwe akasimama juu yangu na mwavuli, maana jua lilikuwa limetoka na kioo kilikuwa hakionekani. Nikavaa koti langu la suti juu ya khanga. Kutoka shingoni kwenda juu nilikuwa mwanachuo.

Wakajitokeza mmoja mmoja: mwenyekiti, mtahini wa ndani, mtahini wa nje ambaye ni profesa mzee, na msimamizi wangu aliyekuwa anakunja uso kama kawaida yake. Tulizungumza Kiingereza. Nilieleza kazi yangu. Mtandao ulikata, ukarudi, wakasema hawanisikii, nikarudia. Mtahini wa ndani hakunipenda, na sikumpenda. Aliuliza mtu wa milimani alifuata nini baharini. Nikamwambia meli zile zilifuata watu milimani kwanza. Msimamizi wangu akakohoa.

Kisha profesa akaja kwenye chumvi. Nilijua atakuja. Alisema nimejenga sura nzima juu ya chumvi, na huenda karani wa stoo alikosea tu hesabu. Nikatoa majibu niliyokuwa nimeyaandaa, ya meli tatu tofauti na makarani tofauti. Akayasikiliza.

“Sawa,” akasema. “Lakini nisaidie kama mtu, si kama msomi. Mtu anaombaje kitu alicho nacho?”

Niliinua macho. Niliona mkono wa mama mkwe umeshika mpini wa mwavuli, mishipa imesimama, na juu yake uso wake ukiangalia mbali, kwa heshima, kama mtu asiyetaka kusikiliza mazungumzo ya wengine hata kama hayaelewi.

“Kwa sababu anayeleta chumvi ni mtu, Profesa,” nikasema. “Aliyefungiwa anamwita ili ajue kwamba bado anaweza kuita mtu akaja. Akisema njoo nikuone, hatakuja, anaogopa. Akisema chumvi, atakuja mpaka pale panaporuhusiwa, ataiweka, na watasemezana kidogo.”

Profesa akasema ahsante, akaandika kitu.

Wakanitoa kwenye kikao ili wajadiliane. Kioo kikabaki kitupu. Maziwa yalikuwa yameshapita khanga yakafika kwenye koti, nikayaona yanachora doa kubwa la duara, nikafunga koti vifungo.

“Wamekwenda wapi?” mama mkwe akauliza.

“Wamenitoa nje. Wanajadili kama nirudi ndani.”

“Na wao wana metimani?”

Nilicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mtoto, na ilinitoka vibaya, kama kikohozi, ikaumiza tumbo. Yeye naye akacheka kidogo kwa pua. Tukawa wawili tunacheka nyuma ya duka, tusioruhusiwa kuguswa na mtu.

Wakanirudisha. Mwenyekiti akasema nimefaulu, kwa marekebisho madogo. Nilisubiri furaha ije, kama vile mtu anavyosubiri kupiga chafya. Profesa akasoma marekebisho: ramani ya sura ya tatu, tanbihi kadhaa, jambo la namna ya kutaja vyanzo. Kisha akavua miwani, akatabasamu, akaacha Kiingereza.

“Na ule ukurasa wa kutabaruku,” akasema. “Umeandika atakayezaliwa. Msimamizi wako anatuambia siku zimeshatimia, kwa hiyo huyo bwana au bibi bila shaka ameshafika. Rekebisha basi, asije akakudai akikua.”

Wote wakacheka kwa wema. Hata yule wa ndani alicheka. Mwavuli ukashuka, jua likanipiga usoni, nikajua mama mkwe amesikia. Katika yote yaliyosemwa siku ile, hayo tu ndiyo yaliyokuwa kwa lugha anayoielewa.

“Nitarekebisha, Profesa,” nikasema.

“Waambie,” mama mkwe akaninong'oneza kwa nyuma. “Waambie.”

Lakini walikuwa wanaagana, hongera, hongera sana, na mmoja mmoja wakazimika.

Tulirudi kwa njia ile ile. Yeye mbele, mimi nyuma. Tulipofika juu ya chemchemi akasimama kunisubiri. Nilidhani ataniuliza kwa nini sikusema. Na kama angeuliza, ningemjibu kwamba nilishindwa, kwamba wangebadilisha nyuso zao zote kwa pamoja na nisingeweza kuziangalia.

“Kwa hiyo umefaulu?” akauliza.

“Nimefaulu.”

“Vizuri. Kanyaga hapa,” akasema, akanionyesha jiwe.

Metimani ilifunguliwa baadaye, wazee waliposema. Tawi la miiba likaondolewa likachomwa. Mama mkwe alishuka mtoni na ndoo yake, na nilisimama mlangoni kuangalia. Wanawake walikuwepo. Walimpisha nafasi yake, ile ile aliyokuwa nayo tangu alipoolewa, wakachota pamoja naye. Hiyo ndiyo furaha niliyoipata, ilichelewa na ilikuja kwa njia nyingine, na nililia nikiwa nimeshika mlango.

Mume wangu alirudi, akakaa nyuma ya zizi peke yake, akaondoka tena na lori. Nami nikapanda pikipiki kwenda Mbulu mjini, kwenye duka la steshenari lenye mtandao mzuri, nikafungua kompyuta yangu. Ramani niliirekebisha. Tanbihi nilizirekebisha. Ukurasa wa kutabaruku niliuacha mwisho, na ulipobaki peke yake nilitoka nje nikasimama, nikarudi, nikatoka tena. Nilifikiria kuufuta wote. Nilifikiria kuandika marehemu, lakini marehemu ana jina, na huyu hakupewa. Nilifikiria kumwandika mama mkwe mahali pake, lakini nilijua angekasirika.

Mwishoni nilifuta herufi chache katikati ya neno moja, nikaweka nyingine chache. Kwa mtoto wangu aliyezaliwa. Nikausoma kwa sauti ndogo. Hakuna kilichokuwa cha uongo.

Niliituma kazi jioni ile kabla ya kupanda pikipiki ya kurudi. Msimamizi wangu hana tabia ya kujibu haraka, lakini safari hii ujumbe ulinikuta pale pale, bado nikisubiri gunia la mtu lifungwe nyuma ya pikipiki. Alisema amepokea, ameona marekebisho yote, kazi imekamilika. Na chini yake aliongeza: nimeona pia ule ukurasa, hongera sana kwa kupata mtoto.

Nilisimama na simu mkononi. Pole nilikuwa nimepewa na Masieda nzima, kwa kelele kutoka ng'ambo, na muuguzi, na mume wangu. Hongera ya mtoto ilikuwa ile moja. Mwendesha pikipiki akaniuliza kama tuondoke. Nikamwambia asubiri kidogo, nikaandika jibu.

“Asante, Dokta. Alikuwa wa kiume.”